Kuchemsha, dawa, chujio au mashine ya kuondoa chumvi (RO): maji yako yanahitaji kipi?

Ukiuliza njia bora ya kusafisha maji ya kunywa, kila muuzaji ana jibu lake mkononi, na huenda wote wanasema kweli. Kasoro iko kwenye swali. Maji ya mto na maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwenye miamba ya volkano yanaweza kung'aa sawasawa ndani ya glasi, ilhali ya kwanza yatakuharisha kesho na ya pili yatakubadilisha rangi ya meno na kukukakamaza viungo polepole kwa miaka mingi. Chombo kinachotibu maji ya kwanza hakigusi kabisa kasoro ya maji ya pili. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vyombo, tuangalie kwanza kinachotafutwa humo majini.

Kuna vimelea: virusi, bakteria na protozoa. Hawa ndio wanaoua wengi, tena haraka, na ukubwa wao ndio unaoamua chujio lipi lifae. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Protozoa kama Giardia na Cryptosporidium wana mikroni 4 hadi 12 hivi. Bakteria wa kipindupindu ana urefu wa mikroni 1 hadi 3. Virusi vya homa ya ini aina ya A na vile vya rota havifikii hata mikroni 0.1. Kumbuka tarakimu hizo tatu, tutazirudia.

Kuna pia vitu vilivyoyeyuka: chumvi, floraidi (ndiyo ile ya meno na viungo), aseniki, naitreti. Havina uhai, kwa hiyo haviuliwi, na ni vidogo mno kukamatwa na chujio la kawaida. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, miligramu 0.01 za aseniki, na miligramu 50 za naitreti. Halafu kuna tope. Lenyewe si sumu kubwa, lakini huwaficha vimelea, huimaliza dawa kabla haijafanya kazi, na huziba vichujio. Ukiona chombo kinasifiwa sana bila kutajwa tope, jua aliyekisifu alikijaribu kwa maji ya bomba.

Kuchemsha na dawa ya maji

Kwa upana wa kazi, kuchemsha hakuna mpinzani. Virusi, bakteria na protozoa wote hufa, hata maji yakiwa na tope, na mapovu ndiyo kipimo chenyewe. Vimelea wengi huwa wameshakufa joto linapofika nyuzi 70 kwa dakika chache, kwa hiyo mpaka maji yachemke umeshavuka mstari kwa mbali. Ndiyo sababu ushauri wa kuyaacha yatokote dakika 10 au 20 ni kuchoma kuni bure. Shirika la Afya Duniani linasema kufikia mchemko mkali kunatosha. Idara ya kudhibiti magonjwa ya Marekani huongeza dakika moja kwa tahadhari, na dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi.

Tatizo ni nishati. Kupandisha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilojuli 335, na mafiga matatu hufikisha kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto la kuni, mara nyingi asilimia 15 au chini ya hapo. Familia ya watu watano wanaokunywa lita mbili kila mmoja itachoma kama kilo moja na nusu ya kuni kavu kila siku kwa maji ya kunywa peke yake. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya nusu tani, pamoja na moshi wake. Katika nyumba yenye gesi au umeme wa uhakika hesabu inabadilika, lakini palipo na jiko la kuni sioni haki ya kuita njia hii endelevu.

Udhaifu wa pili husahaulika zaidi. Maji yaliyochemshwa yakishapoa hayana ulinzi wowote. Kata moja iliyoshikwa na mkono mchafu ikitumbukizwa mtungini, kazi yote ya jikoni imekwisha.

Hapo ndipo klorini, ile dawa ya maji, inapoingia na sifa iliyo yake peke yake: inabaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda. Miligramu 2 kwa lita zinatosha kwa maji maangavu, miligramu 4 kwa yaliyofifia, kisha unasubiri dakika 30. Unapokunywa, inatakiwa iwe imebaki miligramu 0.2 hadi 0.5. Dawa ya majimaji ya chupa, kidonge na unga wa hipokloriti ya kalsiamu hufanya kazi ileile, isipokuwa ile ya majimaji hupoteza nguvu upesi ikikaa kwenye joto na mwanga, na unga huo unahitaji mtu makini wa kupima. Kwa uzito wa kubeba na muda wa kukaa dukani, kidonge kinashinda.

Klorini ina mipaka mitatu ya kweli na hofu moja iliyotiwa chumvi. Mpaka wa kwanza ni Cryptosporidium, ambaye ganda lake huistahimili. Mwaka 1993 watu wapatao 400,000 waliugua mjini Milwaukee, Marekani, wakinywa maji ya bomba yaliyokuwa yametiwa klorini kama kawaida. Mpaka wa pili ni tope. Wa tatu ni maji yenye pH (kipimo cha uasidi) inayozidi 8, ambamo dawa hulegea. Hofu iliyotiwa chumvi ni ya mabaki ya kemikali yanayozaliwa klorini inapokutana na uozo wa majani na kadhalika. Mabaki hayo yapo na yamewekewa viwango, lakini hatari yake hupimwa kwa miaka mingi ya kunywa, wakati kuharisha kunamwondoa mtoto kwa siku mbili. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeonya kuwa kuyapunguza mabaki hayo kusiwe kisingizio cha kuacha kuua vimelea.

Kinachoiangusha klorini majumbani mara nyingi ni ladha. Watu hawasemi, wanaacha tu kuitumia. Kuyaacha maji wazi kwa muda, au kuyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine, hupunguza harufu.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hizi mbili: maji maangavu ya kisima yanayokaa ndani siku nzima yatiwe dawa. Maji ya mtoto mchanga, au ya mtu ambaye kinga yake imeshuka, yachemshwe, hasa kama mifugo hunywa kwenye chanzo hichohicho.

Mchanga, udongo, nyuzi

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, na kuua zaidi ya watu 8,000. Mji wa Altona ulikuwa umeshikana na Hamburg, nyumba kwa nyumba, na ulichota maji kwenye mto uleule wa Elbe, tena upande wa chini, baada ya mto kupokea uchafu wa Hamburg. Kwa hesabu ya kawaida Altona ndiyo iliyopaswa kuangamia. Lakini Altona ilipitisha maji yake kwenye mchanga na Hamburg haikuwa ikifanya hivyo. Mpaka wa ugonjwa ulifuata mpaka wa mabomba, na karibu Altona yote ilinusurika.

Mchanga huo haufanyi kazi kama kitambaa. Juu yake hujengeka utando hai wa vijidudu wanaowala vimelea wanaopita, na chini yake maji hukosa chakula na hewa ya kuwatosha waliosalia. Toleo la nyumbani lilibuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada: sanduku la zege au plastiki lenye mchanga uliochekechwa na kuoshwa, huku bomba la kutolea maji likiinuliwa ili sentimita 5 hivi za maji zibaki juu ya mchanga hata usipomimina kitu. Maji hayo ndiyo yanayouweka utando hai. Chombo hiki hakina kipuri kinachoisha. Kikitunzwa kinaweza kukaa zaidi ya miaka kumi, na kikianza kuziba unakoroga mchanga wa juu kwa mkono na kuyatoa maji machafu.

Gharama yake ni subira. Utando huchukua hadi siku 30 kukomaa, na kabla ya hapo usiyaamini maji yake. Unataka kulishwa kila siku, kwa maji ya chanzo kilekile, na upumzike angalau saa moja kati ya ndoo na ndoo bila kuzidisha saa 48. Familia inayohamahama au inayosafiri wiki mbili kila mwezi isiguse chombo hiki. Toleo la zege, kwa vyovyote, likishajazwa mchanga halihamishiki.

Chungu cha udongo kinasimama upande mwingine. Fernando Mazariegos wa Guatemala alikibuni mwaka 1981: udongo wa mfinyanzi huchanganywa na pumba au vumbi la mbao, vikaungua tanurini na kuacha vitundu, kisha chungu kikapakwa maji yenye chembe za madini ya fedha yanayozuia bakteria kuota. Hutoa lita 1 hadi 3 kwa saa, bila umeme wala pampu. Uzuri wake kwangu ni kwamba mfinyanzi aliyefunzwa anaweza kukitengeneza karibu na mtumiaji, pesa ikabaki hapohapo. Ubaya wake ni ufa. Chungu kilichopata ufa usioonekana kitaendelea kudondosha maji, tena kwa kasi ya kupendeza, na kasi hiyo ndiyo dalili: chungu kikianza ghafla kutoa maji haraka kuliko zamani, kitupe. Kukiosha kwa sabuni ni kosa la kila siku. Brashi na maji safi vinatosha.

Halafu kuna vichujio vya nyuzi, vile virija vyembamba vilivyofungwa pamoja ndani ya kasha la plastiki au chini ya ndoo. Ukipewa tarakimu ya vitundu vyake, rudi kwenye zile tarakimu tatu. Vya mikroni 0.1 vinawazuia protozoa na bakteria wote, lakini virusi vinapita. Vya mikroni 0.02 vinakamata virusi vingi pia. Wauzaji wa aina ya kwanza hupenda kuandika "huondoa asilimia 99.9999 ya bakteria" kwa herufi kubwa na kunyamaza kuhusu virusi. Vichujio hivi vina kasi kuliko vyote viwili vilivyotangulia na huoshwa kwa kusukuma maji safi kinyumenyume. Usipovisukuma, vinaziba. Vikilowa kisha vikaganda kwa baridi kali, nyuzi hupasuka ndani bila wewe kujua. Na vikifa, hakuna fundi wa kuvifufua: unaagiza kingine kutoka kiwandani, mara nyingi nchi nyingine kabisa.

Usidharau desimali kwenye asilimia hizo. Maji yenye bakteria 10,000 yakipita kwenye chujio la asilimia 99 yanabaki na 100. Kwenye la asilimia 99.99 anabaki mmoja. Shirika la Afya Duniani hupima vifaa vya nyumbani na kuvipa nyota: nyota tatu ni kwa kifaa kinachopunguza bakteria na protozoa mara elfu kumi na virusi mara laki moja, nyota mbili ni mara mia moja na mara elfu moja. Kifaa chenye nyota moja kimefikia kiwango hicho cha pili kwa makundi mawili tu kati ya matatu. Kabla ya kununua, uliza nyota. Muuzaji asiyejua unazungumzia nini amekupa nusu ya jibu.

Kwa maji ya mto yenye tope, mchanga ukifuatwa na klorini ni ndoa nzuri: mchanga unashusha tope na kuwanasa protozoa ambao klorini inawashindwa, klorini inamalizia virusi vilivyopita mchangani. Ni mpangilio uleule unaotumiwa na mitambo mingi ya miji. Tope likizidi, tanguliza shabu, au mbegu za mlonge zilizotwangwa, ili liungane na kuzama. Mlonge unatakiwa utwangwe na kutumika siku hiyohiyo, na maji yake yasikae muda mrefu kwa kuwa unga wa mbegu huacha chakula cha vijidudu.

Jua la bure na taa ya kulipia

Mapema miaka ya 1980 Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut walionyesha kuwa maji yaliyoachwa juani kwenye vyombo angavu hupoteza bakteria wake. Taasisi ya Eawag ya Uswisi iliendeleza kazi hiyo tangu 1991. Kanuni yake ni fupi: chupa angavu ya plastiki ya PET isiyozidi lita mbili, juani saa 6, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Kama huwezi kusoma kichwa cha habari cha gazeti ukichungulia kutoka mdomo wa chupa iliyosimama juu yake, maji yana tope mno.

Hakuna njia rahisi kuliko hiyo kwa bei, na haibadilishi ladha. Ila hesabu chupa. Familia ile ya lita 10 kwa siku inataka chupa tano za lita mbili juani na nyingine tano ndani zikinywewa, kila siku, bila kukosa. Wiki ya mvua inavunja ratiba. Kama njia ya dharura naipa alama zote. Kama njia ya maisha, familia nyingi huchoka.

Taa ya UV, yaani ya mionzi ya urujuanimno, hutumia mionzi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254 na kumaliza kazi kwa sekunde. Inamweza hata Cryptosporidium, ambako klorini inashindwa. Lakini inataka umeme wakati wote maji yanapopita, inataka maji maangavu, kioo chake hujifunga ukoko wa chokaa, na taa hufifia kabla haijazimika, kwa hiyo macho hayawezi kukuambia kama bado inaua. Tena haiachi ulinzi wowote kwenye maji. Inafaa hospitali, hoteli, au nyumba yenye bomba la uhakika na mtu wa kubadilisha taa kwa ratiba.

Pale moto na dawa havifui dafu

Chemsha maji yenye floraidi, aseniki au naitreti, na utakuwa umeyafanya mabaya zaidi: maji yanapungua kwa mvuke, kilichoyeyuka kinabaki palepale. Kwa naitreti na chupa ya mtoto mchanga hilo ni jambo la kuogopwa.

Bangladesh ndiyo mfano usiopaswa kusahauliwa. Tangu miaka ya 1970 zilichimbwa bomba za visima mamilioni ili watu waachane na madimbwi yaliyojaa vimelea. Vimelea walipungua. Mwaka 1993 ikathibitika kuwa tabaka nyingi zile zilizochotwa zilikuwa na aseniki, na makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa. Serikali na mashirika walitafuta vichujio vya kila namna, vingi vikiwa na vipande vya chuma kwa sababu aseniki hunata kwenye kutu. Baadhi vilifanya kazi vizuri. Lakini hatua iliyofikia wengi kwa gharama ndogo ilikuwa kupima kila kisima na kupaka mdomo wa pampu rangi, nyekundu kwa chenye sumu na kijani kwa salama, ili watu wahamie kisima cha jirani. Kipimo na kopo la rangi vilishinda vyombo vingi vya bei kubwa.

Kwa floraidi kuna mkaa wa mifupa: mifupa ya wanyama huchomwa kwa hewa kidogo, ikabaki kitu cheusi kinachovuta floraidi. Unatengenezeka kijijini. Tatizo ni kwamba ukishashiba hautoi dalili, maji yanaendelea kutoka maangavu na matamu huku floraidi ikipita, kwa hiyo bila kupima mara kwa mara unajidanganya. Tena wapo ambao dini au desturi haiwaruhusu kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa ya mnyama wasiyemjua, na ni heri kuwauliza kabla ya kujenga. Mbinu ya Nalgonda, iliyoanzia India, hutumia shabu na chokaa kwenye ndoo au tangi. Ni nafuu, ila inahitaji shabu nyingi, huacha tope la kutupa kila siku, na floraidi ikiwa juu sana haiishushi hadi 1.5.

Mashine za osmosisi kinyume, ambazo mafundi huziita RO tu, huondoa karibu kila kitu: chumvi, floraidi, aseniki, naitreti, virusi. Maji husukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando ambao chumvi haipiti. Kwa maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, msukumo huwa wa bar 55 hadi 70, na mitambo mikubwa ya kisasa hutumia kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kila mita moja ya ujazo. Maji ya kisima yenye chumvi ya wastani hutumia nusu ya hapo au chini zaidi, ndiyo maana sola inaweza kuyamudu.

Sasa yale yasiyoandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Mashine ya nyumbani ya zamani humwaga lita tatu au nne kwa kila lita moja unayokunywa. Za sasa ni nafuu, lakini hazifiki sifuri. Mahali penye uhaba wa maji, hiyo ni kasoro ya msingi, na maji ya taka yenye chumvi kali yanataka pa kwenda. Utando huharibiwa na klorini, kwa hiyo mkaa maalumu huwekwa mbele yake kuiondoa, na maji yanayotoka upande wa pili hayana ulinzi wowote yakiingia kwenye tangi chafu. Huondoa pia kalsiamu na magnesiamu, ladha ikapwaya. Na utando hubadilishwa kwa ratiba, vichujio vya mbele mara nyingi zaidi. Kuiweka RO kwenye maji ambayo kasoro yake ni bakteria tu ni kulipia kazi usiyoihitaji, na ndilo kosa ninaloliona kwenye matangazo mengi. Iweke pale ambapo maabara imesema chumvi au kemikali, na hakuna chanzo kingine karibu.

Au ubadilishe chanzo chenyewe

Mvua haina floraidi, haina aseniki wala chumvi ya ardhini. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita 50 za mraba, penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, likipoteza moja ya tano njiani, linaleta lita 32,000. Familia ya watu watano ikitumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupika inahitaji kama lita 9,100 kwa mwaka. Paa linatosha mara tatu. Kinachokwama ni tangi: kiangazi cha miezi minne kinataka lita 3,000 zilizohifadhiwa, na tangi ndilo linalokula pesa. Maji ya kwanza ya kila mvua yamwagwe, kwa kuwa yanakuja na vinyesi vya ndege na vumbi. Paa lililopakwa rangi yenye madini ya risasi au bati lililochakaa vibaya lisitumike kwa kunywa.

Kisima kirefu kinachosukumwa na sola kimekuwa kitu cha kawaida, na sababu ni nzuri. Jua linasukuma maji mchana hadi kwenye tangi la juu, tangi linashika nafasi ya betri, na hakuna dizeli. Kinachokufa ni mota ya chini na kidhibiti chake cha kielektroniki, na vyote viwili vinataka fundi mwenye vifaa. Pampu ya mkono ina maji kidogo lakini inaeleweka. Hata hapo kuna tofauti: Afridev iliundwa ili wanakijiji wenyewe wang'oe fimbo na kubadilisha mipira, wakati India Mark II ya kawaida ni imara lakini kuinua mabomba yake kunataka timu na zana nzito. Kabla ya kuchagua pampu, tembelea duka la vipuri lililo karibu na uone wana vya ipi.

Mashine zinazovuna maji kutoka hewani zinapendeza kwenye maonyesho. Fizikia haizipendi. Kila lita ya mvuke inayogeuka maji huachia joto la kama kilowati-saa 0.68 linalopaswa kuondolewa, na mashine nzuri hutumia umeme wa takribani nusu kilowati-saa kufanya hivyo, hewa ikiwa na unyevu wa kutosha. Maji ya bahari kwa RO ni kilowati-saa 0.004 kwa lita. Tofauti inazidi mara mia moja. Hewa ikiwa kavu, yaani pale hasa penye kiu, mavuno hushuka zaidi.

Nyavu za ukungu hazitumii umeme hata kidogo, lakini zinadai mlima wenye ukungu wa kudumu. Kijiji cha Chungungo nchini Chile kilianza kupata maji ya nyavu kwa bomba mwaka 1992, na maji yalikuwa mazuri. Matunzo yalipolegea na watu wakatamani mtandao wa kawaida wa mabomba, mfumo ukafa ndani ya miaka kumi hivi. Ukungu ulikuwa bado unapita mlimani.

Kuweka kwenye mizani

Ukilinganisha bei, usilinganishe bei ya dukani. Chukua bei ya chombo, ongeza vichujio, taa, dawa au utando utakaonunua ndani ya miaka mitano, ongeza kuni au umeme, kisha ugawe kwa lita zitakazonywewa kweli. Chungu cha bei ndogo na RO ya bei kubwa hubadilishana nafasi mara nyingi katika hesabu hiyo, kutegemea umbali wa duka la vipuri.

Kwa shule ya bweni yenye kisima cha chumvichumvi na mapaa mengi, ningeweka matangi ya mvua kwa kunywa na kupika, kisima kikabaki cha kufulia na kuoga, na RO ndogo ya sola iwepo tu kama kiangazi kinazidi uwezo wa matangi. Kwa kijiji kinachochota mtoni, mchanga wa pamoja na klorini inayotiwa pale pale kwenye kituo cha kuchotea, kwa kuwa kumwachia kila mama apime tone lake nyumbani kumeshindikana mahali pengi. Kwa chumba cha kupanga chenye bomba linalotoka siku mbili kwa wiki, kidonge cha klorini na dumu lenye mdomo mwembamba. Chujio la nyuzi likiongezwa, vizuri zaidi. Kwa aliye kwenye eneo la volkano ambako wazee wana meno ya kahawia, asinunue chochote kabla ya kupata karatasi ya maabara yenye tarakimu ya floraidi.

Na popote utakapoangukia, chombo cha kuhifadhia kiwe na kifuniko na koki, kisiwe cha kuchovya. Maji yapimwe mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi, chumvi na kemikali zinapokuwa zimekolea, na wiki za kwanza za mvua, uchafu wa ardhini unapoingia visimani. Sampuli ichukuliwe kwenye kikombe cha mnywaji, kisha nyingine kwenye chanzo, ili ujue kama kasoro iko kwenye chanzo au ndani ya nyumba.